Wapiga video: faili unalomkabidhi mteja linacheza kwenye TV ya bibi yake?

mpigavideo_tanga:

Wakuu, habari za humu. Napiga video za harusi na maulidi hapa Tanga, huu mwaka wa tisa. Uzi ni mrefu, mwenye nafasi asome hadi mwisho, maana jambo hili limeniuma na najua si langu peke yangu.

Mwezi uliopita nilikabidhi kazi ya harusi ya kijana ambaye bibi yake mzaa baba anakaa Pangani. Miguu ya bibi haimbebi tena, kwa hiyo kwenye sherehe hakuwepo. Ahadi ikawa ataletewa video aangalie akiwa sebuleni kwake. Nikairenda kazi (nikaitoa kuwa faili la mwisho) kwa 4K, kodeki (njia ya kubana video) H.265, nikaiweka kwenye flashi mpya ya GB 64. Kwenye mashine yangu ilicheza safi kabisa. Jumapili bwana harusi akanipigia simu ya video kutoka Pangani: watu wamejaa, mkeka umetandikwa, bibi amekalishwa kiti cha mbele na kanga mpya, TV ya inchi 32 iko ukutani. Sauti ya matarumbeta inasikika vizuri, kioo cheusi. Wakazima, wakawasha, wakachomoa flashi, wakaipuliza, wakachomeka tena. Giza lilelile. Nikamsikia bibi anauliza, "Mbona siwaoni?"

Kesho yake nilipanda gari la kwanza la Pangani na laptopu yangu na waya wa HDMI. Bibi akaiona. Lakini wale waliokuja kuangalia naye walikuwa wameshaondoka, na siku ile hairudi.

Wiki hiyohiyo mjomba wao aliyeko Muscat alilifungua faili lilelile kwenye iPhone bila tabu yoyote. Kaka wa bibi harusi alipolifungua kwenye laptopu ya Windows, programu ya video ikamtaka kwanza anunue nyongeza ya HEVC (jina jingine la H.265) kwenye duka la Microsoft, senti 99 za dola. Hana kadi ya kununulia vitu mtandaoni. Akaweka VLC, programu ya bure ya kuchezesha video, likacheza. Faili ni moja, na kila nyumba imepata jibu lake.

Nikakaa chini kujifunza upya kitu nilichodhani nakijua. Wengi wetu tunachanganya kapu na kilichomo ndani yake. MP4, MKV, MOV, AVI ni makapu. Ndani ya kapu mna picha iliyobanwa kwa kodeki fulani, na sauti iliyobanwa kwa kodeki yake. Mteja akikwambia "nipe MP4" amekutajia kapu tu. MP4 yenye H.264 na MP4 yenye H.265 zinafanana jina hadi herufi ya mwisho, na TV ya bibi inaisoma moja na kuikataa nyingine. Ndiyo maana kubadilisha jina la faili kutoka .mkv kwenda .mp4 hakusaidii kitu, kilichomo ni kilekile.

H.264 ilitoka mwaka 2003. Kwa miaka zaidi ya 20 watengenezaji wameiweka kwenye chipu za simu, TV, ving'amuzi, laptopu na kamera. H.265, ambayo ndiyo HEVC, ilikuja 2013 na lengo lake lilikuwa ubora uleule kwa karibu nusu ya ukubwa. Kazi yake nzuri, ila haki za hataza zake zimegawanyika kwenye makundi zaidi ya moja, kila kundi linadai malipo yake, ndiyo maana hadi leo kuna vifaa na programu zinazoiacha. AV1 ikatolewa 2018 na muungano ulioundwa 2015 wenye Google, Mozilla, Microsoft, Netflix na wengine, makusudi iwe bure. YouTube wanaitumia. Lakini iPhone ya kwanza kuwa na chipu ya kuifungua ni 15 Pro ya mwaka 2023. Sasa fikiria TV ya inchi 32 iliyonunuliwa miaka minane iliyopita.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: cha kumkabidhi mteja ni H.264 ndani ya MP4, sauti ya kodeki AAC, ukubwa wa picha 1080p. Hayo mengine baki nayo kwenye mashine yako. Kipimo cha faili la kukabidhi ni kifaa duni kuliko vyote ndani ya ile familia, na kifaa hicho kwa kawaida ndicho kinachotumiwa na mtu aliyesubiri kuliko wote.

Programu ninayotumia kubania video ni HandBrake, ya bure, ipo kwa Windows, Mac na Linux. Shusheni kwenye tovuti yao yenyewe, handbrake.fr, msichukue kwenye vitovuti vya pembeni. Hata wao wenyewe, kati ya tarehe 2 na 6 Mei 2017, seva yao mojawapo ya kushushia ilivamiwa na toleo la Mac likapachikwa programu ya wizi, kwa hiyo si vibaya kuhakiki namba ya uhakiki wa faili (checksum) wanayoiweka pale. Nachagua "Fast 1080p30", kapu MP4, kodeki H.264, natia alama kwenye "Web Optimized", kisha naishusha RF (namba ya ubora) kutoka 22 hadi 20.

Hapo kwenye RF ndipo penye utamu. Namba ikiwa ndogo, ubora unapanda na faili linakua. Unaiambia programu ilinde ubora, biti itatumia kadiri picha inavyodai. Harusi inahitaji hivyo kuliko kazi nyingine yoyote. Wazee wanapotoa nasaha, watu wamekaa, ukuta umesimama, kinachotembea ni mdomo na mkono. Programu inahifadhi picha moja kamili na baada ya hapo inaandika mabadiliko tu. Biti chache zinatosha. Subiri maharusi wamwagiwe maua na karatasi za kumetameta, gauni nalo lina vimulimuli kila kona: kila fremu ni mpya, hakuna cha kurudia. Ukiwa umekaza biti idadi moja mwanzo hadi mwisho, nasaha zitapoteza nafasi bure na maua yatageuka vibao vya mraba. Nina harusi tatu za zamani zenye vibao hivyo usoni mwa bibi harusi, na haziponi tena.

Hesabu ya ukubwa ishikeni kichwani: megabiti 8 kwa sekunde ni MB 1 kwa sekunde, MB 60 kwa dakika, GB 3.6 kwa saa. Ukijua hiyo unaweza kumwambia mteja papo hapo anahitaji flashi ya ukubwa gani.

Naomba wenye uzoefu waongezee, na mnikosoe nilipokosea.

fundi_tv_muheza:

Mkuu, umeandika kitu ambacho naletewa dukani kila wiki. Mtu anakuja na TV, "fundi, TV yangu imeharibika, haisomi flashi." TV nzima kabisa.

Niongeze mambo ya upande wangu. Kwanza flashi yenyewe. TV nyingi za bei nafuu zinasoma flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 tu. Flashi ya GB 64 ukiinunua mara nyingi inakuja na fomati nyingine, exFAT, TV inaiona haina kitu. Na FAT32 nayo haikubali faili moja la kufika GB 4. Kwa hesabu yako, harusi ya saa mbili kwa megabiti 8 ni GB 7.2, haiingii. Igawe vipande.

Pili sauti. Kuna wanaoleta malalamiko ya kinyume na yako: picha ipo, sauti hakuna, TV inaandika haitambui aina ya sauti. Hapo ndani utakuta kodeki nyingine za sauti, DTS, wakati mwingine AC-3. AAC ya spika mbili haijawahi kunikatalia kwenye TV yoyote niliyoishika.

Tatu, ile H.264 ina madaraja. TV ndogo nyingi zimepimwa kwa daraja la 4.0 au 4.1, yaani 1080p ya fremu 30 kwa sekunde kwenda chini. Ukipeleka zaidi ya hapo, zingine zitacheza, zingine zitakwama. Wekeni programu ya MediaInfo, ya bure, inakuonyesha kapu, kodeki, daraja, fremu, sauti, kila kitu. Mimi nikiletewa flashi, ndiyo ya kwanza kufungua.

mwana_kisauni:

Kaka, kwa heshima, hapo kwenye kuitupa H.265 sikubaliani nawe. Mimi niko Mombasa, nafanya video za semina, na wateja wangu wengi hawana habari ya flashi, wanataka kwa simu. Nikituma H.264 ya saa moja, mtu anamaliza bando. Nikituma H.265 anabakisha karibu nusu. Simu za miaka ya karibuni nyingi zinaifungua. Kwa nini mwenye simu nzuri agharamike kwa sababu ya TV ya mtu mwingine?

mpigavideo_tanga:

Fundi, asante sana, hiyo ya exFAT hata sikuifikiria. Flashi yangu nimeiangalia, kumbe na yenyewe ni exFAT. Pale Pangani tulipona kwa sababu TV ile inaisoma. Kwingine wasingeona hata jina la faili.

Dada wa Kisauni, hoja yako ina uzito na sitaibisha. Kama unamjua mpokeaji na simu yake unaijua, mtumie H.265, umemfanyia wema. Tofauti yetu ni kwamba faili la harusi halikai kwa mtu mmoja. Leo liko kwa bwana harusi, kesho shangazi amelinakili, mwaka ujao liko kwenye laptopu ya ofisini ya mtu nisiyemjua. Siwezi kuwafuata wote na VLC mkononi.

Kwa wa mbali ninachofanya sasa ni kutoa nakala ya pili, 720p, H.264, RF 23. Kwenye kioo cha simu tofauti na 1080p ni ndogo mno, na bando linapona. Na ukituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ukiipachika kama video ya kawaida, WhatsApp wenyewe wanaibana tena kwa mkono mzito, jasho lako lote linapotea. Tangu 2022 dokumenti inaruhusiwa hadi GB 2. Ukiipandisha YouTube ni kinyume: wapelekee nzito uwezavyo, kwa sababu wataibana upya hata ufanyeje, na kilichobanwa mara mbili kinachujuka kama chai iliyoongezwa maji.

Hili la kubana mara mbili nalisisitiza. Nimeona watu wanarenda kwa biti chache kutoka kwenye programu ya kuediti, halafu wanaingiza tena HandBrake "ipungue". Mimi natoa kwanza faili mama kwa DNxHR, kodeki nzito ya kuhifadhia ubora, saa moja inakula zaidi ya GB 50, naliweka kwenye diski ya nje, na kila nakala ya mteja inazaliwa kutoka kwa mama huyo. Mteja akirudi miaka mitano baadaye anataka kodeki nyingine, namtolea mpya isiyo na makovu.

amri_tu:

Uzi mzuri. Naongeza kwa wasioogopa kuandika amri: programu ya FFmpeg, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000. Programu nyingi za kubana mnazoziona, za bure na za kulipia, injini ndani ni hiyohiyo.

Kabla hujabana chochote, tazama kama kuna haja. Kama ndani ya MKV tayari mna H.264 na AAC, tatizo ni kapu tu, na kapu linabadilishwa kwa sekunde chache bila kugusa picha hata kidogo:

ffmpeg -i harusi.mkv -c copy -movflags +faststart harusi.mp4

Hilo neno la mwisho, faststart, linahamisha faharasa ya faili kutoka mkiani kuja mwanzoni. MP4 bila hiyo ikiwekwa mtandaoni, kichezeshi kinalazimika kwenda kutafuta faharasa mwisho wa faili kabla ya kuonyesha kitu. Ndiyo kazi ya ile "Web Optimized" ya mtoa uzi.

Pale inapobidi kubana kweli:

ffmpeg -i mama.mov -c:v libx264 -crf 20 -preset slow -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 160k -movflags +faststart harusi.mp4

Msiiache yuv420p, ndiyo inayoamuru rangi za biti 8, 4:2:0. Na crf ndiyo ile RF ya HandBrake. Kamera za siku hizi zinarekodi rangi za biti 10, 4:2:2. Usipoiamuru FFmpeg ishuke, inaweza kukutolea H.264 ya biti 10, na hiyo TV na simu karibu zote zinaikataa ingawa MediaInfo itakwambia ni H.264. Nilipoteza siku mbili nikitafuta kosa hilo.

Na wenye kadi za picha: kubana kwa chipu ya picha (NVENC au Quick Sync) ni haraka sana, lakini kwa ukubwa uleule wa faili, x264, kibanaji cha H.264 kinachotumia kichakato, ukiipa muda, inakupa picha bora. Kwa kazi ya mteja mimi naiacha ifanye kazi usiku.

kijana_ubungo:

Wakuu, mimi sina kamera, napiga kwa simu. Nikiingiza kwenye kuediti, mwanzo sauti na midomo vinaendana, ikifika dakika ya kumi sauti imetangulia. Simu ni mbovu?

amri_tu:

Simu nzima, mdogo wangu. Simu hurekodi kwa fremu zisizo na mwendo mmoja, mwanga ukipungua inapunguza fremu, ukirudi inaongeza. Programu nyingi za kuediti zinahesabu kana kwamba mwendo ni mmoja, ndipo sauti inapotengana na mdomo. Pitisha klipu kwanza HandBrake, kwenye fremu chagua 30 na uweke alama "Constant Framerate", RF 16 au 17 ili usipoteze ubora, halafu ndiyo uediti.

Kama ni iPhone, jua pia kwamba tangu iOS 11 ya mwaka 2017 zinarekodi HEVC zenyewe. Kwenye setingi za kamera, sehemu ya "Formats", chagua "Most Compatible" na itarekodi H.264.

mzee_wa_kanda:

Vijana, nami nina swali. Nina video za kamera ya AVCHD za mwaka 2010 hadi 2013, mafaili ya MTS. Zina watu wangu ambao wengine wametangulia mbele ya haki. Nikizibana, mtu akitembea anatoka mistari mistari pembeni kama meno ya kitana. Kwenye TV ya zamani haikuwa hivyo.

mpigavideo_tanga:

Shikamoo mzee. Pole kwa waliotangulia.

Kamera hizo zilirekodi nusu-picha 50 kwa sekunde, mistari ya witiri na ya shufwa kwa kupokezana, kwa ajili ya TV za mfumo wetu wa PAL. TV ya kioo kinene ilizionyesha hivyohivyo kwa zamu. Laptopu inazibandika mbili pamoja, na mtu akiwa ameshasogea kati ya nusu ya kwanza na ya pili, ndipo meno ya kitana yanatokea.

Kwenye HandBrake, fungua sehemu ya vichujio, washa Yadif, kichujio cha kuondoa meno hayo. Ukichagua "Bob" utapata fremu kamili 50, mwendo laini kabisa; ukiacha ya kawaida utapata 25. Kwa TV ndogo chagua 25, kwa ajili ya lile daraja alilotaja fundi. RF weka 18, hizi si za kubania nafasi. Na tafadhali mzee, yale mafaili ya MTS usiyafute baada ya kubana. Yanakili sehemu mbili tofauti, yakae.

mpigavideo_tanga:

Wakuu, mrejesho, na bado nina shida moja. Nimerudia kazi ya Pangani yote: vipande vinne, kikubwa GB 1.7, H.264, AAC, flashi FAT32. Nimejaribu kwenye TV ya jirani ya inchi 24, picha ipo, sauti ipo. Lakini kipande cha tatu, matarumbeta yakiwa barabarani Ngamiani na watu wanacheza nyuma, mwendo unadundadunda. Hata kwenye laptopu yangu unadunda, kwa hiyo si TV. Kipande hicho nilikiediti kwenye mradi wa fremu 50, vingine ni 25.

fundi_tv_muheza:

Jibu umeshalitaja mwenyewe. "Fast 1080p30" inaweka kikomo cha fremu 30. Chukua 50 uzipunguze ziwe 30: katika kila fremu 5 inabakiza 3, hatua moja fupi, nyingine ndefu. Jicho linaona kudunda. Weka 25 na "Constant Framerate". 50 kwenda 25 ni kuacha moja kuchukua moja, hatua zote sawa.

mpigavideo_tanga:

Fundi, ndiyo yenyewe. Nimekirudia kwa 25, matarumbeta yanatembea kama maji. Asante sana kaka.

Nilipeleka flashi Pangani Jumamosi iliyopita kwa mkono wangu, sikumtuma mtu. Majirani waliitwa tena. Nilichomeka mwenyewe, nikachagua kipande cha kwanza, sura ya mjukuu ikatokea akiwa anavalishwa kilemba. Bibi hakusema kitu hadi kipande cha tatu, alipoona dada yake mdogo anacheza barabarani nyuma ya matarumbeta. Akaomba irudishwe. Tukairudisha mara nne, na nilikuwa karibu na TV muda wote nikiangalia miguu ya wachezaji kama kuna mahali inadunda. Hapakuwa na mahali.